Chungu kupasuka juu ya seredani ya Kirumi

Ndugu, umeuliza kwa nini chungu kimekupasukia mara mbili kambini ukipikia kwenye seredani ya Kirumi, yaani chombo cha kuwekea makaa cha mtindo wa Warumi wa kale, na uji wa ngano unaungua chini huku punje hazijaiva. Chungu hakina kosa, shida ni moto.

Seredani za mtindo wa Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, mara nyingi hazina matundu chini kama jiko letu la mkaa. Hewa inaingia kwa juu tu, hivyo ukirundika mkaa, wa chini unafifia na wa juu unachoma sehemu moja ya chungu. Tandaza kwanza majivu makavu, kina cha sentimita 3. Washia mkaa pembeni, usubiri hadi uvae majivu meupe, kisha uusambaze tabaka moja. Chungu kikae juu ya kiguu-tatu cha chuma, sentimita 8 hivi kutoka kwenye makaa. Ukiongeza, ongeza makaa yaliyokwisha kushika. Mkaa usiowashwa hushusha joto na kutoa moshi.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa kama kioo kilowekwe usiku kucha, kiwekwe motoni kikiwa na maji ya uvuguvugu, na maji ya kuongezea yawe ya moto. Maji baridi nayo hukipasua. Ngano iliyopondwa, kikombe 1 kwa maji vikombe 4, nayo ilowekwe kabla.

Seredani ya mabati ya zinki usiitumie kabisa, mvuke wake ni sumu. Na tafadhali, hata mvua ikinyesha, usiingize seredani yoyote hemani: hewa ya mkaa inaua bila harufu.