Siku bila simu na kijana wa miaka 15: pesa, kitochi na bamvua

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Nina kijana wa kidato cha pili, tunakaa Tabata. Nataka Jumamosi moja tutoke yeye na mimi, tushinde nje bila simu. Nilijaribu mwezi uliopita, tukazizima tukazitia kwenye begi. Kabla ya saa tano nilikuwa nimeshawasha yangu ili niite Bolt. Akaniambia, "Baba, si tulikubaliana?" Akanuna mpaka jioni. Nifanyeje, na twende wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kijana ana haki ya kununa. Aliyevunja makubaliano ni wewe, na ningeanza kwa kumwomba radhi. Wazazi wengi ninaokutana nao kwenye ushauri wanadhani kikwazo ni mtoto, kumbe anayeshindwa mapema ni mzazi. Wala si uraibu. Kwa Dar es Salaam ya leo simu ndiyo pochi, ndiyo saa, ndiyo ramani na ndiyo usafiri. Ukiizima bila kutafuta mbadala wa kazi zake zote hizo, utaiwasha tu.

Anza na pesa. Ijumaa jioni pitia kwa wakala utoe pesa taslimu, uombe noti ndogondogo. Konda wa daladala hafurahii elfu kumi asubuhi. Kisha tafuta kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, utie laini yako humo. Laini ya simu janja ni ndogo mno kwa tundu la vitochi vingi, kwa hiyo nunua kile kifremu cha plastiki kwa fundi simu. Usiisukumize laini peke yake, itakwama ndani. Kitochi hakina TikTok, lakini kama uko Vodacom *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi kama kawaida, na 112 ya polisi pia inapigika. Hilo ni muhimu mkitaka kwenda visiwa vya hifadhi ya bahari kama Mbudya au Bongoyo, kwa sababu ada za serikali hulipwa kwa kontroli namba, na kontroli namba inalipika kwa kitochi. Simu janja zote mbili zibaki nyumbani. Kwenye begi ni karibu mno.

Sasa sehemu ambayo wazazi huikunjia uso: kitochi na pesa akae navyo yeye. Alipe nauli, ahesabu chenji, achague mahali pa kula. Kijana wa miaka 15 akiburutwa kwenye matembezi ya baba atahesabu dakika tu. Akiwa ndiye mwenye msafara, ana kazi ya kufanya. Atakosea. Pengine mtalipia chipsi bei ya wageni. Lipeni, mle.

Mahali? Mimi ningewapeleka Kigamboni. Shukeni Kivukoni, mpande pantoni pale Magogoni, mkatafute ufukwe wa upande wa bahari kuu, na mwende siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida. Saa ya kutoka na ya kurudi mtapewa na maji, na kuyasoma maji hakuhitaji intaneti. Mpe kijana kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi ukiwa tarehe 1 au 15, maji ya pwani yetu hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hujaa jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo Jumamosi ikiangukia tarehe 17, aongeze dakika 100. Akadirie mwenyewe, kisha akifika amuulize mvuvi yeyote pale ufukweni. Hesabu yake inaweza kupishana na mvuvi kwa nusu saa au zaidi, na mwenye kauli ni mvuvi. (Saa hizo zinamfaa kwa sababu nyingine pia: mwili wa rika lake huchelewa kulala na huchelewa kuamka. Usimwamshe alfajiri kama mnakwenda shamba.)

Maji yakishatoka mtatembea juu ya mwamba na mchanga ambao saa chache kabla ulikuwa bahari. Mtaona viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota), kaa, pengine akina mama wenye vyuma vyao wakichokoa pweza mashimoni. Vaeni raba kuukuu, siyo ndala. Kuna viumbe vya miba. Maji yakianza kurudi, anzeni nanyi kurudi. Saa mbili za kwanza huja taratibu, ya tatu na ya nne huja kwa kasi, tena hutangulia kujaza vijito vilivyo nyuma yenu huku nyinyi mmesimama pakavu mkidhani mna muda.

Kama hampendi bahari, kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe. Chukueni mwongozaji.

Kuhusu mazungumzo: saa ya kwanza atakaa kimya, mwache. Usiulize habari za shule wala matokeo ya mtihani. Vijana husema zaidi mkiwa mnatembea bega kwa bega, macho yakiwa chini kwenye vidimbwi, kuliko mkikabiliana mezani. Akisema jambo zito, usigeuke kumkazia macho. Endelea kutembea.

Tena, kubalianeni mapema saa ya kurudi nyumbani. Ikifika mrudi, hata kama wewe ndiye unayetaka kuongeza. Mkifika aichukue simu yake bila maneno. Kifremu cha laini kihifadhi, kinapotea kirahisi, na bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili.