Baridi ya Uyole inanirudisha kwenye fegi

SWALI: Shangazi shikamoo, niko Uyole Mbeya, wiki ya tatu sijagusa sigara ila na baridi hii ya Julai washkaji wakiwasha pale kijiweni mate yananijaa, jana nikapiga pafu mbili. Ndo nimeshafeli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujafeli, ila usijidanganye eti moja haina shida, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu. Hamu yenyewe haikai, dakika 5 hadi 10 hivi inapita, sasa ikija nyanyuka hapo, agiza chai ya tangawizi, kikombe ukishike kwa mkono uleule uliozoea fegi. Kijiwe nacho kipumzishe kwanza hata mwezi, na kiberiti kitoe mfukoni leo leo.