Muulize Fundi: Maji ya kiyoyozi Chumbageni, maji ya tanuru Chicago

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Kiyoyozi cha chumbani kwangu kinachuruza maji ukutani tangu masika yaanze. Rangi imebanduka na mbao za kabati zinavimba. Fundi aliyekuja alisema gesi imepungua. Nikalipia ikajazwa, na haikupita muda maji yakarudi. Tena Januari binti yangu aliyeko Chicago alinitumia picha: mashine yao ya kupasha nyumba joto imezima usiku wa baridi kali, na chini yake dimbwi la maji. Mashine ya moto inatoaje maji? Au ni ugonjwa mmoja na wa kwangu?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Waaleikumu salaam, mama yangu. Pole kwa ukuta, na pole zaidi kwa pesa ya gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka nenda miaka rudi, na ikipungua maana yake pana tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu hajatengeneza kitu. Ni kweli gesi ikipungua maji yanaweza kumwagika, lakini hapo utaona barafu kwanza: mapezi ya ndani, yaani vibati vyembamba vinavyopoza hewa, yanaganda, kisha ukizima barafu inayeyuka na kumwagika kwa mkupuo. Kwako hukutaja barafu. Maji yanachuruza mfululizo, na masika ndiyo yamezidisha. Mimi ningeanza na mpira wa kutolea maji.

Hewa yetu ya pwani imebeba maji mengi. Kwenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75, kila mita moja ya ujazo ina kama gramu 23 za mvuke. Chumba cha mita nne kwa nne chenye kimo cha mita tatu kina zaidi ya kilo moja ya maji yanayoelea hewani, huyaoni. Hewa hiyo ikigusa mapezi yenye ubaridi, mvuke unageuka matone, na chumba kikifika nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50, karibu nusu ya maji yale yameshatoka. Na kila mlango unapofunguliwa, mengine yanaingia. Kwa hiyo kiyoyozi kutoa maji Tanga ndiyo kazi yake. Mimi hushtuka ninapokuta kimoja kinafanya kazi mchana wa Aprili na mpira wake wa nje mkavu, kwa sababu maji yale lazima yawe yamekwenda mahali.

Yanapaswa kudondokea kwenye trei iliyo chini ya mapezi, kisha yateremke kwa mpira hadi nje kwa uzito wake tu. Hapana pampu inayoyasukuma. Ndiyo maana mteremko ni kila kitu: angalau sentimita moja kwa kila mita, bila tumbo lolote njiani. Mpira ukilegea katikati, maji yanalala pale, vumbi linatuama, na kwa joto letu ute mzito unaota ndani ya muda mfupi. Kosa jingine ninalolikuta sana ni ncha ya mpira kuzamishwa kwenye ndoo. Ndoo ikijaa, hewa inakosa pa kutokea, maji yanasita, trei inafurika chumbani. Ncha ikae juu ya maji, isiyaguse.

Akija fundi, mwambie aje na pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa. Aiweke juu ya kiyoyozi chenyewe, maana kikiwa kimeinamia upande usio na mpira, hata mpira mpya hautasaidia. Kisha ainyonye ncha ya nje kwa mashine ya kufyonza, amimine maji ya uvuguvugu kwenye trei polepole, nanyi mwangalie yanavyotoka nje. Asipulize kwa nguvu kutoka nje: uchafu unarudi kwenye trei, au kiungo kinachomoka ndani ya ukuta na hapo utabomoa. Chujio lioshwe kila mwezi, na ukiwa karibu na barabara ya vumbi usingoje mwezi. Jiki usiitie, inakula madini ya mapezi, ambayo chumvi ya bahari inayala tayari. Na jiki na siki zisikutanishwe kabisa. Zinatoa hewa ya sumu.

Sasa binti yako. Maji yake hayakutoka kwenye hewa ya chumba, yametoka kwenye moto. Washa jiko la gesi, weka sufuria baridi yenye maji, utaona nje ya sufuria inatoa jasho dakika za mwanzo. Gesi ikiungua inazaa maji. Gesi asilia, ambayo zaidi ni methani, kilo moja yake hutoa zaidi ya kilo mbili za maji. Matanuru ya zamani, ndizo mashine hizo za kupasha nyumba joto, yaliuacha mvuke huo utoke na moshi wa moto kwa bomba la chuma. Yale mapya, yanayotumia zaidi ya asilimia 90 ya joto la gesi, yanaupoza moshi hadi mvuke unageuka maji, na joto lililokuwa ndani ya mvuke linabaki nyumbani. Ukiona bomba la moshi ni la plastiki, mara nyingi ni tanuru la namna hiyo.

Maji hayo ni asidi hafifu, hula zege na bomba la chuma. Kwa hiyo mafundi wa huko huyapitisha kwanza kwenye kisanduku chenye kokoto za chokaa, jamii ya jiwe lile lile la mapango yetu ya Amboni. Chokaa inaiua asidi, nayo inaliwa kidogo kidogo, hivyo kokoto hukaguliwa kila mwaka na kuongezwa.

Njia ikiziba, maji yanarudi nyuma, swichi ya usalama inahisi na kulizima tanuru. Inalinda nyumba, binti yako asithubutu kuiunganisha moja kwa moja ili moto uwake. Aangalie mpira, kona ya U inayobaki na maji ili moshi usipenye, pampu ndogo kama ipo, na hasa ncha ya nje: Januari ya Chicago inaigandisha. Kingine aite fundi, na king'ora cha hewa ya sumu ya kaboni kiwe kinafanya kazi. Kama picha ingekuwa ya Julai ningejibu vingine, kwani nyumba nyingi za huko mapezi ya kupozea hukaa juu ya tanuru hilo hilo, na maji ya kiangazi hutoka huko, sawa na yako.

SWALI: Naweza kunywa maji ya kiyoyozi, au kuyatia kwenye betri?
Msomaji, Raskazone

JIBU: Kunywa, hapana. Yamepita kwenye vumbi, ute na madini ya mapezi. Kwenye betri pia hapana, kwa sababu hiyo ya madini. Nunua maji ya betri. Dekia nyumba, mwagilia maua, osha baiskeli.