Barua kwa mwanangu: siku niliyohama namba

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mama yako atadakia kila sentensi. Umeniuliza neno moja: kituo cha mpira cha Dar kinamtaka mjukuu wangu, ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, umwachie aende, au abaki nawe hapo Uyole amalize shule? Kisha ukasema, "Baba, wewe ulicheza, wewe ndiye unayejua." Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nilicheza, ndiyo. Miaka 11, na sikuwahi kuvaa jezi ya timu ya ligi ya juu hata siku moja. Nilianza mwaka 1986, ule ule ambao Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa nchi nzima, tena ndiyo kwanza wamepanda. Nilikuwa na miaka 18. Fikiria kijana wa Rungwe siku zile: mabingwa wa Tanzania unakutana nao sokoni wananunua ndizi. Kila mmoja wetu aliamini kwamba kutoka matope ya huku mpaka juu kabisa ni safari ya msimu mmoja.

Mimi nilikuwa namba sita. Umelisikia hili tangu utotoni lakini nalirudia: kiungo hutazama kabla mpira haujamfikia. Straika anaweza kusubiri, kipa anaweza kusubiri. Kiungo akianza kufikiri mpira ukiwa mguuni, ameshaporwa.

Ile safari ya Iringa ya mwaka 1991 mama yako anaijua, ndiye aliyenifungia maparachichi na ndizi za kuchoma, wewe uko mgongoni mwake. Tulipanda nyuma ya lori, baridi ya Makambako tukaipokea wachezaji 14 chini ya turubai moja. Ilikuwa mechi ya kupanda daraja, uwanja wa Samora, na sare ilitutosha. Tunavaa, kiongozi wetu mmoja akaninong'oneza: kuna mtu wa timu kubwa ya Dar jukwaani, amekuja kumtazama namba sita. Kwa hiyo amekuja kunitazama mimi.

Robo saa haijafika, beki wetu wa kushoto akateguka kifundo. Benchi kulikuwa na kipa wa akiba, beki wa kati mwenye homa, na kijana wa miaka 17, kiungo kama mimi, niliyekuwa namfundisha mwenyewe jioni kwenye uwanja wa shule. Kocha akaja mpaka kwenye mstari, akanitazama. Hakusema kitu. Winga wao wa kulia alikuwa na mbio zisizo za kawaida. Ukimweka yule mtoto amkabe, tunakula tatu kabla ya mapumziko. Nikavuta soksi, nikahamia namba tatu. Kijana akaingia, akasimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi, nyasi bado zimelala kwa njumu zangu.

Yule winga nilimkaba mpaka filimbi ya mwisho. Hakupiga krosi hata moja ya maana, na hili nakuambia ukiwa mtu mzima mwenye watoto wako: sijawahi kucheza vizuri kama siku ile. Tukatoka bila kufungana, tukapanda. Watu wakanibeba juu juu. Nikiwa huko juu ndipo nilipomwona yule mtu wa Dar, amemshika kijana wangu bega, wanaongea karibu na lango la kutokea.

Baadaye nilikuwa nikimsikia redioni. Mara ya kwanza ilikuwa Mwanjelwa, nimeshika debe la viazi, mtangazaji akataja jina lake mara mbili mfululizo. Nilibaki na lile debe mikononi mpaka mteja akaniuliza kama nauza au siuzi.

Sasa, mwanangu, kuna siku najiambia nilihama kwa ajili ya timu. Usiku najiuliza kama sikuhama kwa sababu niliogopa kutazamwa. Kule pembeni hakuna aliyekuja kunipima. Hapana, si kweli. Winga yule nilimwona tangu wanapasha mwili, nilijua atatuumiza. Kiungo hutazama kabla. Lakini kama nilitazama vyema hivyo, mbona kocha aliponiangalia sikusema hata neno moja? Kusema, "Kocha, leo niache hapa." Maneno manne. Ninayo mpaka leo.

Mengine unayajua. Posho ilitegemea mapato ya mlangoni, na msimu mmoja tulilipwa mchele. Goti lilipogoma Songea mwaka 1997, bandeji na nauli ya kurudi vilitoka mfukoni mwangu. Kwa hiyo waulize hao wa kituo: mtoto akiumia nani anamtibu? Shule anasoma wapi, na ada nani anatoa? Karatasi utakayosaini inamfunga miaka mingapi? Usichukue jibu la mdomo. Hata timu yenyewe si mti. Ihefu ya kule Mbarali ndiyo iliyoivunjia Yanga mwendo wa mechi 49 bila kufungwa, mwaka 2022. Leo iko Singida na inaitwa Singida Black Stars. Watu wa Ubaruku, ilikokuwa ikichezea, wamebaki na uwanja.

Unataka niseme aende au asiende. Neno liko mdomoni, nalimeza kwa shida. Mama yako amenikanya: mtoto ni wako na wa baba yake, si wa goti langu. Kwa hiyo siandiki.

Ila Desemba alipokuja nilimtazama akicheza pale shuleni na wenzake. Kabla hajapokea mpira aligeuza shingo, kushoto, kisha kulia, halafu akapasia kwa mguso mmoja kwa mtoto ambaye hata mimi niliyesimama nje sikuwa nimemwona. Hakuna aliyemfundisha. Mimi sikumfundisha, naapa. Nilishika waya wa uzio nikashindwa kupiga makofi.

Usisaini kitu kabla ya likizo ya mwezi wa sita. Mlete wiki mbili. Aje na njumu zenye meno marefu, uwanja huku hautakuwa umekauka, na sweta mbili. Mama yako ameshatoa blanketi nje analianika.

Baba yako