Barua kwa mwanangu: mabaki ya fundi na doti mpya

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Swali lako nimelipata. Yule mwenye hoteli anataka mifarishi ya viraka, mabaki ya vitenge uliyokusanya kwa mafundi hayatoshi, nawe wauliza kama mashati ya mtumba yanaweza kuchanganywa humo. Yanaweza. Chagua ya pamba, kata mgongoni ambako hakujalika. Kola na viwiko achana navyo. Fulana usitie, zinavutika na kupotosha mshono. Na muuzaji akikwambia kitenge ni pamba, chomoa nyuzi mbili uzichome: pamba huacha jivu laini linalonuka karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Vyote vifue kabla ya kukata, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke meupe.

Lakini kule mwishoni umeandika haraka haraka kwamba ukikwama utanunua doti mpya uzikate. Hilo hukuniuliza, na ndilo lililoninyima usingizi.

Kiraka hutoka kwenye nguo iliyokwisha kuvaliwa, au kwenye baki la fundi. Nimekwambia tangu unanishikia taa nikishona. Ule mfarishi wa marehemu bibi yako ulioko kwa shangazi yako Pangani, mgongo wake merikani, usoni kaniki na kanga za kiwanda cha Urafiki. Hakuna kipande kilichokatwa kwenye kitambaa kipya. Mwanzoni mwa miaka ya 80 doti ilikuwa ya kupangiwa foleni. Kanga ikichanika katikati, pindo zilizobaki nzima zilikatwa zikawekwa sandukuni, zikingoja wenzao. Pembeni utakuta nusu ya jina la kanga, herufi zimekatwa matumboni. Tulimwuliza mara ngapi hayo maneno mengine yalisemaje, na ilikuwa kanga ya kumsema nani! Alicheka tu, akaendelea kupiga bandi, ile mishono yake ya mkono.

Unamkumbuka yule mwenye duka la zawadi za watalii. Jina lake silitaji. Alichukua mifarishi yangu kwa mali kauli, alipe akishauza, ikawa inatoka. Siku moja akanijia na majora ya kitenge kipya, rangi zote zimepatana, akasema nikate vipande nishone, maana wageni hawapendi vitambaa vilivyopauka. Nikamwambia kiraka hutoka kwenye nguo iliyovaliwa. Akampa mwingine kazi. Nilipopita baadaye nikaikuta mifarishi ya huyo mwingine imening'inizwa mlangoni, na kikaratasi kimebandikwa kwamba imeshonwa kwa nguo kuukuu. Nikashika pembe: kitambaa bado kina wanga wa kiwandani, kinakwaruza. Ya kwangu ilikuwa imekunjwa chini ya kaunta. Mpaka leo nikiona kikaratasi cha namna ile moyo hunipanda. Wageni wale walitaka kununua jasho la watu waliotunza nguo, wakauziwa uongo.

Sasa najibishana mwenyewe. Doti mpya ni pamba nzuri, itadumu kuliko shati lililofika hapa limekwisha kuvaliwa Ulaya. Ada ya mjukuu wangu hailipwi kwa msimamo wangu. Na huko uliko mafundi hawaachi mabaki mengi kama hawa wetu wa Ngamiani hapa Tanga, ambao nao siku hizi huwauzia wajaza mito. Bibi yako angekuwa na pesa mwaka 1983 pengine angenunua blanketi. La, asingenunua. Au angenunua, akalifunika na mfarishi.

Mwenye hoteli akiambiwa wazi kwamba hiki ni kitambaa kipya, sioni dhambi. Ila hapo nashindwa kujua unamwuzia nini, maana badala ya kukata na kuunga angeweza kutandika kitenge kizima. Basi, nanyamaza. Ulimi unaniwasha, mwanangu, lakini oda ni yako na jina litakaloharibika au kusifiwa ni lako. Sikukatazi, wala sikuruhusu.

Gunia la vipande nimelipeleka stendi, linakuja na basi la alfajiri. Juu kabisa nimeweka kisutu changu, ile kanga yangu iliyochanika. Hicho kikate bila huruma. Kastabani ya bibi yako, ile ya kuvaa kidoleni akishona, imo ndani ya bahasha, usiipoteze. Na ule mfarishi wa kwanza, kabla hujaukabidhi, nipigie picha upande wa nyuma niione bandi yako.

Mama yako