Maswali ya Wasomaji: Pointi Tatu na Basi Langoni

SWALI: Ndugu wahariri, ushindi ulipopandishwa kutoka pointi mbili hadi tatu tuliambiwa timu zitashambulia. Mbona likipatikana bao moja tu watu wanapaki basi, yaani wanarudi wote kulinda lango?

JIBU: Kanuni ni ileile, inasukuma pande zote mbili. Chukua dakika ya 80, ubao unasoma 1-1. Tuseme kocha akijilipua atashinda au atafungwa, sare haipo tena. Enzi za pointi mbili ilimlipa pale tu uwezekano wa kushinda ulipozidi nusu. Kwa pointi tatu, ukizidi theluthi inatosha. Uingereza walianza nayo 1981, Kombe la Dunia likafuata 1994.

Sasa ubao usome 1-0. Zamani bao likisawazishwa, aliyekuwa akiongoza alipoteza pointi moja; leo anapoteza mbili. Ndiyo maana winga anatoka, beki wa kati wa tatu anaingia, na kipa anaiendea goli kiki kwa mwendo wa kinyonga. Hapo pointi hazina dawa. Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yetu, ni kumzuia kipa kudaka pasi ya mguu ya mwenzake, tangu 1992.

SWALI: Basi kwa nini bao lenyewe lisilipwe?

JIBU: Limewahi kulipwa. Ligi ya NASL ya Marekani ilitoa pointi sita kwa ushindi, na moja ya ziada kwa kila bao hadi matatu. Aliyefungwa 4-3 hakuondoka mikono mitupu: alikuwa na pointi tatu.

Ila kabla ya kuweka zawadi yoyote, jiulize kama yupo atakayefaidika kwa kujifunga. Januari 1994, katika kufuzu Kombe la Caribbean, bao la dhahabu, yaani la kwanza katika muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo, lilihesabiwa mawili. Barbados walihitaji kuifunga Grenada kwa tofauti ya mabao mawili. Waliongoza 2-0, Grenada wakapata moja dakika ya 83. Kupenya ukuta kukawa kugumu, Barbados wakajifunga makusudi, 2-2, ili waingie muda wa nyongeza. Grenada wakashtuka: hata kufungwa 3-2 kungewavusha! Wakaanza kusaka goli lolote, lao au la wapinzani, huku Barbados wakilinda yote mawili. Dakika 90 zikaisha hivyo, bao la dhahabu likaja, matokeo yakaandikwa 4-2, Barbados wakafuzu.