Kumlea Mbwa wa Kazi Asiyegusa Mbuzi wa Watu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Micheweni, Pemba, aliniandikia kwamba mbwa wake wa kulinda shamba la muhogo amemrarua mbuzi wa jirani aliyekuwa amefungwa kando ya njia, na kwamba wazee wa mtaa wamemtaka amwondoe mbwa huyo kabla hawajamwondoa wao. "Ami," aliandika, "nimpige mpaka ajue, au nimuue?" Nilimjibu kwa kifupi, nikamwambia asifanye lolote kati ya hayo mawili mpaka tuzungumze. Jibu lenyewe ni refu, na naamini linawahusu wengi wetu, Unguja na Pemba, tunaotaka shamba lisiloliwa, zizi lisiloibiwa usiku, na jirani asiyelala na kinyongo juu yetu.

Kwanza niseme mahali nilipo. Mimi ni mtu wa Kusini Unguja, wa huku uwandani, ambako udongo umejificha kati ya mawe na nguruwe mwitu anaweza kuchimbua muhogo wa mwaka mzima katika usiku mmoja. Marehemu baba alikuwa msasi, nami nimekulia kati ya mbwa. Najua jinsi mwenye mbwa anavyotazamwa katika jamii yetu, na sina haja ya kumlaumu anayejitenga na mate ya mbwa, kwani mimi pia chombo alichokiramba mbwa nakiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafi. Lakini mafundisho hayohayo yamemtoa katika lawama mbwa wa kuwinda, mbwa wa mifugo na mbwa wa shamba, na aya ya 4 ya Suratul Maida inawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Ruhusa imefungamana na kazi, na kazi haipo bila ya mafunzo. Mtu anayefuga mbwa asiyefundishwa, akamwacha azurure usiku kati ya mbuzi wa watu, asijifiche nyuma ya ruhusa hiyo.

Nina sababu ya kulisema jambo hili kwa uzito. Miaka kadhaa nyuma walikutwa mbuzi wamekufa karibu na kijiji chetu, shingo zimetafunwa, na kabla ya adhuhuri jina langu lilikuwa limeshafika kwa sheha. Niliitwa, nikasimamishwa mbele ya watu niliosoma nao skuli, nikaambiwa mbwa wangu ni wauaji. Mbwa wangu usiku ule walikuwa wamefungwa, na mlango wao haukuwa na alama ya kuvunjwa, lakini hakuna aliyetaka kuja kuutazama. Baadaye mbwa koko wawili walionekana ufukweni, mchana kweupe, wakiwa juu ya mbuzi mwengine. Maneno yakafa yenyewe, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunitaka radhi. Sikuyasahau, na sidhani kwamba nitayasahau. Tangu hapo nilijiwekea nia kwamba mbwa wangu watapita katikati ya mbuzi wa kijiji kizima huku watu wakitazama, na mbuzi wasiache kula.

Siku hizi ndivyo ilivyo. Mwezi uliopita tulipokuwa tukienda mashamba ya juu, tulikutana na kundi la mbuzi njiani, na dume langu, Kusi, alipita pembeni yao kichwa chini, mkia umelegea, akanusa jiwe, akaendelea na safari. Mwenye mbuzi, ambaye ni mmoja wa waliosimama kunishutumu, aliniuliza kama nitamgawia mtoto wa mbwa siku jike langu litakapozaa. Nilimwambia tutazungumza.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Uwindaji wa mbwa una hatua zinazofuatana: hukodoa macho, hunyemelea, hukimbiza, hushika, kisha huua. Kila hatua inaifungulia mlango inayofuata. Mbwa wa kuchungia kondoo wa nchi za Ulaya, kama wale wanaoitwa Border Collie, wamezalishwa kwa vizazi vingi ili hatua za mwanzo ziwe na nguvu na zile za mwisho zidhoofike. Mbwa wetu hawakuchaguliwa hivyo. Mbwa wa msasi anazo hatua zote, tena tumemsifu kwa ajili ya hatua hizo. Kwa hiyo mwenye mbwa wa aina yetu anayesubiri mpaka mbwa akimbie ndipo apige kelele, amechelewa. Pa kumshika ni kwenye macho.

Hebu mtazame mbwa wako siku moja anapomwona mbuzi kwa mbali. Mdomo uliokuwa wazi unafumba. Masikio yanasimama mbele. Mguu mmoja unabaki hewani, na mwili wote unakakamaa kuanzia shingo mpaka mkia. Muda huo ni mfupi, hauzidi pumzi mbili au tatu, na ndani yake bado anakusikia ukimwita. Akishachomoka hakusikii tena, hata ukiwa na sauti ya mwadhini.

Huku kwetu liko jambo jengine linalozidisha hatari, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mbuzi wetu wengi hufungwa kwa kamba kwenye kigingi. Mbuzi aliye huru akimwona mbwa anaweza kukimbilia kundini, au akageuka na kumkabili kwa pembe. Mbuzi aliyefungwa hukimbia mpaka kamba inapomvuta shingo, akaanguka, akainuka, akazunguka kigingi huku akilia, na kila mzunguko unaifupisha kamba. Kwa mbwa, hakuna kitu duniani kinachoamsha hamu ya kukimbiza kuliko kiumbe kinachoruka na kulia mahali pamoja. Ndiyo maana mbwa aliyezoea mbuzi wa zizini kwenu si lazima awe salama mbele ya mbuzi wa kigingini. Haya ni masomo mawili, na lazima yafundishwe yote mawili.

Malezi yanaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wataalamu wa tabia za mbwa wamekubaliana tangu miaka ya 1960 kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi cha kuzoea ulimwengu, takriban kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 ya umri wake, na viumbe anaoishi nao kwa amani wakati huo huwahesabu kuwa ni wenzake. Raymond Coppinger na mkewe Lorna, huko Massachusetts nchini Marekani, walitumia miaka mingi kuwalea mbwa wa kulinda mifugo kwa kuwaweka na kondoo tangu wakiwa wadogo. Nchini Namibia, shirika la kuhifadhi duma linaloongozwa na Laurie Marker limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa aina hiyo tangu mwaka 1994, ili mbuzi wabaki salama na duma wasipigwe risasi. Mbwa hao ni wa asili ya Uturuki, wakubwa kuliko wetu, na sisemi kwamba mbwa wetu watakuwa kama wao. Lakini kanuni ya umri haibagui mbwa.

Kusi alilelewa hivyo. Alipoacha kunyonya nilimwekea kibanda cha makuti ukutani mwa zizi, pakiwa na uwazi wa fito ambao pua yake ilipita lakini mwili haukupita. Alilala akisikia mbuzi wakicheua. Kulikuwa na jike mmoja mzee mwenye pembe zilizopinda nyuma, mkali kwa yeyote aliyekaribia ndama wake, na siku nilipomwingiza Kusi zizini kwa mara ya kwanza, nikiwa nimemshika kigwe, jike huyo alikuja moja kwa moja, akainamisha kichwa, akamsukuma ubavuni mara moja tu, si kwa kumuumiza, kisha akasimama akimwangalia. Kusi alilala chali. Nilimtoa, nikampa kipande cha samaki wa kuchemsha, nikamrudisha kesho yake. Sikuwahi kumwacha peke yake na mbuzi, wala sikumwacha acheze na ndama, kwa sababu mchezo wa mbwa mchanga ni kukimbiza, na anayezoea kukimbiza kwa mchezo atakimbiza kwa meno atakapokua.

Kipindi kigumu ni kuanzia miezi 6 mpaka kama mwaka na nusu. Mwili umekuwa wa mkubwa na akili bado ni ya mtoto. Wengi hudhani mbwa aliyekuwa mtulivu akiwa mdogo ameshafuzu, wakamwachia, na hapo ndipo balaa linapotokea. Katika umri huo Kusi hakukaribia mbuzi bila ya kamba ndefu ya usumba shingoni. Tulianzia mbali, pale ambapo alimwona mbuzi na bado akaweza kugeuka nikimwita. Kila alipogeuka alipata samaki. Akikakamaa na asigeuke, hilo lilikuwa jawabu kwamba tumekaribia kupita kiasi, basi tulirudi nyuma hatua kadhaa na kuanza upya. Sikumpigia kelele, wala sikumvuta kwa hasira. Neno lilikuwa moja tu, "acha", na lilitamkwa kabla hajakimbia.

Nasisitiza tena: kabla hajakimbia. Nimeshauriwa na watu wazima niliowaheshimu kwamba mbwa apigwe mbele ya mbuzi aliyemuuma, au afungiwe kuku aliyemuua shingoni mpaka aoze, au afungwe kamba moja na beberu ampige pembe usiku kucha. Sikukubali hata moja. Mbwa anayepigwa mbele ya mbuzi hajifunzi kwamba mbuzi haguswi. Hujifunza kwamba mbuzi na maumivu huja pamoja, na kwamba bwana wake ni wa kuogopwa. Siku bwana akiwa hayupo, hofu inaondoka naye na chuki ya mbuzi inabaki. Mbwa wa shamba hufanya kazi yake usiku, wewe ukiwa umelala. Hofu yako ina faida gani kwake saa nane za usiku?

Wakiwa wawili au watatu, hali hubadilika. Mbwa ambaye peke yake hupita mbuzi bila ya kumtazama, akiwa na mwenzake aliyechomoka atachomoka naye. Kwa hiyo mfundishe mmoja mmoja, na usiwachanganye mpaka kila mmoja awe amekomaa. Na usiku asiyekuwa kazini afungwe. Sisi tunaofuga mbwa tunadai heshima, na heshima hiyo tunaipoteza wenyewe kila tunapomwacha mbwa atoke usiku kwa matembezi yake.

Usalama wa mifugo hauishii kwenye meno. Yupo tegu wa mbwa, Taenia multiceps, ambaye mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, mbuzi akayala pamoja na majani, kisha mfuko wa maji ukakua ndani ya ubongo wake. Mbuzi huyo utamwona anazunguka upande mmoja, kichwa kimeinama, haoni njia. Mbwa naye humpata tegu huyo kwa kula ubongo mbichi wa mbuzi aliyeugua. Basi usimtupie mbwa kichwa kibichi, wala utumbo, wala zalio. Chemsha, au fukia. Muulize daktari wa mifugo juu ya praziquantel, dawa ileile ambayo watoto wetu hupewa skuli kwa ajili ya kichocho, ambayo kwa mbwa hutolewa kwa uzito wake.

Halafu chanjo. Nyinyi ndugu zetu wa Pemba mna ushahidi mikononi mwenu kuliko mtu yeyote. Kichaa cha mbwa kiliondoshwa kisiwani kwenu mwaka 2014 kwa kampeni za kuchanja mbwa, kampeni zikasita, maradhi yakaingia tena kutoka bara mwishoni mwa 2016, na yakaondoshwa mwaka 2018 baada ya chanjo kurejeshwa. Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Mwenye mbwa wa kazi asingoje kubembelezwa na kampeni. Ampeleke mwenyewe kila mwaka. Na mbwa akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mbwa aliyemuuma mbuzi bila ya kawaida yake naye atazamwe na daktari wa mifugo kabla ya jambo jengine lolote, na nyama ya mbuzi huyo isiliwe mpaka daktari aseme.

Kijana wangu wa Micheweni, kwa hayo nakujibu. Nenda kwa jirani leo, umlipe mbuzi wake kwa bei anayoitaja yeye, mbele ya mashahidi, na usimwambie kwamba mbuzi alifungwa vibaya hata kama ndivyo. Mbwa wako ameshaua, na mbwa mzima aliyeonja hilo siwezi kukuahidi kwamba atasahau. Anaweza kubaki kuwa mlinzi, lakini ndani ya uzio au kwenye mnyororo mrefu, mbali na njia ya mbuzi, na asitembee bila ya kigwe maisha yake yote. Usipoweza hayo, usimweke. Ukitaka mwengine, usije kuchukua kwangu, maana mbwa wasisafirishwe baina ya visiwa bila ya sababu kubwa. Tafuta hukohuko Pemba, kwa mtu mwenye mbwa na mbuzi pamoja, na usianze kwa kuwatazama watoto. Mwombe mwenyewe ampitishe mama yao karibu na mbuzi aliyefungwa kigingini, nawe uangalie mdomo wake kama unabaki wazi.